Kanzu ya Nabii Yusuf na ukimya wetu madarasani

MWAKA huu ninatimiza miaka 12 nikifundisha somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu katika shule za sekondari hapa jijini Dar es Salaam, na jioni nikisomesha madrasa kama walivyo walimu wengi wa fani yangu. Katika muda huo nimeifundisha Surat Yusuf mara nyingi kiasi kwamba nilidhani hakuna mwanafunzi atakayeniuliza swali jipya juu yake. Nilikosea. Miezi kadhaa iliyopita kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, alisubiri wenzake watoke mapumziko kisha akaniuliza: "Ustadh, Nabii Yusuf alikuwa mkubwa, akaweza kukimbilia mlangoni. Angekuwa mdogo, mlango umefungwa na hawezi kukimbia, dhambi ingekuwa ya nani?"

Nilimjibu harakaharaka kwamba dhambi ni ya aliyedhulumu, na mwenye kutenzwa nguvu hana dhambi. Ni jibu sahihi. Akatikisa kichwa, akashukuru, akatoka. Nikiwa kwenye daladala narudi nyumbani ndipo nilipotambua kwamba nimemjibu swali la fiq'hi, na yeye pengine hakuwa anauliza fiq'hi.

Kesho yake nilimtafuta. Tuliyozungumza sitayaeleza kwa sababu ni yake, itoshe kusema kwamba mzazi wake na mwalimu wa malezi wanajua na hatua zimechukuliwa. Ninachotaka kueleza hapa ni changu mimi. Swali la kijana yule lilinirudisha mwaka 2013, katika chumba kidogo cha nyuma ya msikiti.

Nilikuwa na umri wa miaka 24, ndiyo kwanza nimemaliza chuo kikuu, sina ajira, nasaidia kusomesha katika madrasa moja. Kwa kuwa nilihesabiwa kuwa msomi, wazee walinipa ukatibu. Usiku mmoja baada ya swala ya Isha tuliitwa watu saba. Mama mmoja alikuja kushitaki kwamba ustadh aliyekuwa akiwabakisha vijana wa hifdhi usiku amemharibia mwanawe. Mtoto alikuwa na miaka 9. Mama alikaa karibu na mlango, mapajani ameweka mfuko wenye kaptula ya mtoto. Kaptula ilikuwa imeshafuliwa na kupigwa pasi, maana jirani yake alimshauri aifue upesi asije akaaibika.

Sikumbuki yote yaliyosemwa usiku ule, ila matatu sijayasahau. Mzee mmoja, mtu mwema ambaye sina shaka na ucha Mungu wake, alimuuliza: "Mwanangu, unao mashahidi wanne?" Mwingine akatukumbusha fadhila za kumsitiri Muislamu. Wa tatu akasema jambo ambalo, nakiri, ndilo lililonishika zaidi: kwamba magazeti yakilipata hili, hatatajwa ustadh mmoja, zitatajwa madrasa zote na Waislamu wote.

Mama hakuwa na mashahidi wanne. Ustadh akatakiwa ahame, na sote tukamchangia nauli. Mimi nikaandika kwenye daftari la muhtasari: "Suala limezungumzwa na kumalizwa kwa sulhu." Mwandiko ni wangu, na kwa miaka mingi nilijiambia kuwa tulitumia busara.

Ndugu msomaji, nimeanza na kisa hiki ili usidhani naandika kama mtu aliyesimama pembeni akiwanyooshea wengine kidole. Swali linalonisumbua ni hili: haya na sitara ni mambo mawili katika uzuri wa dini yetu, je, mipaka yake ni ipi mbele ya mtoto aliyedhulumiwa? Na mimi niliyekabidhiwa watoto 60 katika chumba kimoja, dakika 40 kila kipindi, je, ninayo ruhusa ya kunyamaza kwa jina la haya?

Tuanze na wale mashahidi wanne, kwa sababu ndio waliomfunga mdomo yule mama. Sharti hilo Allah (s.w.) ameliweka katika Surat an-Nur ili kuzilinda heshima za watu na ulimi wa wazushi, anayemtuhumu mwanamke mwema kuwa amezini alete mashahidi wanne au aadhibiwe yeye. Ni ngao ya mnyonge. Mtoto wa miaka 9 anayesema ameumizwa hajamtuhumu mtu kuwa amezini kwa hiari yake na mtu mwingine. Anaeleza dhulma iliyofanywa juu ya mwili wake. Surat an-Nur hiyohiyo, aya ya 33, inawakataza mabwana kuwalazimisha wajakazi wao uchafu, kisha inawahakikishia waliolazimishwa kwamba Allah ni Mwenye kusamehe na kurehemu. Na katika zama za Mtume (s.a.w.), kwa mapokezi ya Wail bin Hujr yaliyomo katika Abu Dawud na Tirmidhi, mwanamke aliyekuwa akienda kuswali alishambuliwa njiani na kuingiliwa kwa nguvu. Mtume (s.a.w.) hakumuuliza alikuwa amevaa nini wala kwa nini alitoka. Alimwambia aende zake, Allah amemsamehe. Ile ngao ya mnyonge sisi tuliigeuza, tukamkinga nayo mwenye nguvu.

Sitara nayo ina watu wake. Imamu an-Nawawi, ambaye sisi Mashafii wa mwambao huu tunasoma vitabu vyake tangu utotoni, alipoisherehesha hadithi ya kumsitiri Muislamu katika Sahih Muslim alieleza kwamba inamhusu mtu aliyeteleza na ambaye hajulikani kwa kudhuru watu. Ama mwenye kujulikana kwa maudhi na uharibifu, huyo asisitiriwe, bali jambo lake lifikishwe kwa mwenye mamlaka, kwa sababu kumsitiri ni kumpa moyo wa kuendelea. Niliisoma sherehe hiyo chuoni, na nikaifanyia mtihani. Usiku wa mwaka 2013 haikunijia hata kidogo.

Na hoja ya tatu, ya jina letu? Mwaka 2002 magazeti ya Boston, Marekani, yalifichua jinsi mapadri waliowanajisi watoto walivyokuwa wakihamishwa kimyakimya kutoka parokia moja kwenda nyingine. Habari ile ilizunguka dunia nzima, na wengi wetu tuliizungumza vibarazani kama habari za watu wengine. Kilichowaghadhibisha waumini wa kule hakikuwa uovu wa wale mapadri peke yake. Ilikuwa ni ule uhamisho, kwamba wakubwa walijua na wakawapeleka mbele kwa watoto wengine. Sasa nambie, ile nauli yetu ilikuwa na tofauti gani?

Sitaki msomaji afikiri tatizo ni la madrasa tu. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, ripoti yake ikatolewa mwaka 2011. Waliohojiwa walikuwa vijana wa miaka 13 hadi 24. Kwa Tanzania Bara, takriban wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa Zanzibar, ambako idadi kubwa kabisa ya watu ni Waislamu, viwango vilikuwa chini ya hivyo, lakini wavulana waliosema wamefanyiwa walikuwa na asilimia kubwa kuliko wasichana. Sisi tunaodhani kwamba ukimsitiri binti umemaliza kazi, tuitafakari hiyo. Na kwa waliofanyiwa, karibu nusu tu ya wasichana ndio waliowahi kumwambia mtu yeyote, na kwa wavulana ni kiasi cha thuluthi moja. Waliobaki wamekaa nalo kifuani. Wamo katika safu zetu za swala.

Sasa turejee kwa Nabii Yusuf (a.s.), kwani naona aibu kwamba ilibidi mtoto wa kidato cha pili anisomeshe sura niliyoihifadhi.

Tumezoea kuisimulia kama kisa cha kijana mzuri na mwanamke aliyeshindwa na nafsi yake. Hebu tuisome tena taratibu. Aya ya 21 inaeleza kwamba aliyemnunua alimwambia mkewe amtunze vizuri, huenda atawafaa au watamfanya mwana. Kwa hiyo Yusuf alilelewa katika nyumba ile. Aya ya 23 haimtaji mwanamke kwa jina. Inamtaja kuwa ni yule ambaye Yusuf alikuwa nyumbani mwake. Yaani Qur'an inatuonesha mahali uovu unapotokea: ndani ya nyumba, kwa mwenye mamlaka, aliyeaminiwa kulea. Kisha inatutajia milango, kwamba ilifungwa. Yusuf akajikinga kwa Allah na akakimbia, kanzu ikachanika kwa nyuma. Mlangoni wakakutana na mwenye nyumba, na mwenye kosa ndiye aliyewahi kusema.

Angalia sasa. Yusuf hakunyamaza kwa kumstahi mke wa bwana wake. Alisema palepale kwamba ni yeye ndiye aliyemtaka. Shahidi akatoka katika jamaa za mwanamke mwenyewe na akasema itazamwe kanzu: ikiwa imechanwa mbele, mwanamke ni mkweli, ikiwa imechanwa nyuma, Yusuf ndiye mkweli. Hakuna aliyetaka mashahidi wanne. Ibnul Qayyim katika kitabu chake At-Turuq al-Hukmiyya aliitumia kanzu hiyo kuonesha kwamba ishara na vielelezo vina nafasi katika hukumu. Na sisi tulimtazama mama mwenye mfuko mapajani, kanzu ya Yusuf imefuliwa na kupigwa pasi, na hatukuelewa tunachokitazama.

Kisha inakuja aya ya 29, na hapa ndipo niliposimama kwa muda mrefu. Kanzu imetazamwa na ukweli umedhihiri. Mwenye nyumba anafanya nini? Anamwambia Yusuf aliachilie mbali jambo hili, na mkewe anamwambia aombe msamaha kwa dhambi yake. Basi. Limezungumzwa na kumalizwa kwa sulhu. Lakini halikwisha. Habari zikaenea mjini, mwanamke akarudia kwa kitisho mbele ya wenzake, na aya ya 35 inasema kwamba baada ya kuziona ishara zote waliona bora wamtie gerezani yeye, asiye na hatia. Miaka ikapita. Mfalme alipomwita atoke, Yusuf alikataa kutoka mpaka kwanza waulizwe wale wanawake na ukweli usemwe hadharani. Mtume wa Allah, mwenye subira kuliko sisi sote, hakuona kuwa kusafishwa jina lake ni kukosa haya.

Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu nataka wenzangu walimu waone kwamba hatuhitaji kuazima somo. Wapo ndugu watakaosema, na wengine wameshaniambia usoni, kwamba hii ni ile ajenda ya wafadhili ya kuwafundisha watoto ngono mashuleni. Naielewa hofu yao. Mimi mwenyewe nimewahi kuletewa kijitabu ambacho katika kurasa zake zote zina ni jambo la kawaida ilimradi vijana watumie kinga, na sikukitumia darasani kwangu wala sitakitumia. Lakini tukimaliza kukikataa kijitabu cha watu, cha kwetu kiko wapi? Mtoto hawezi kukingwa na kitabu tulichokikataa.

Chukua somo la tahara. Mtoto akiwa na miaka 7, au hata chini ya hapo, madrasa zote za Kiswahili nchi hii zinamfundisha kustanji. Tunamtajia tupu ya mbele na tupu ya nyuma, tunamwambia mkono upi utumike na maji yapite vipi. Akikua kidogo tunamfundisha janaba, hedhi na ndoto za usiku, tena wavulana na wasichana, na hakuna mzazi aliyewahi kuja kulalamika kwamba tunawafundisha watoto matusi. Viungo vyote tumeshavitaja. Sentensi moja tu ndiyo hatukuitaja: kwamba viungo hivi ulivyofundishwa kuvitwaharisha ni amana yako, hakuna mtu mwenye haki ya kuvishika wala kukutaka ushike vyake, awe mjomba, kaka, dereva wa basi la shule au mimi mwalimu wako, na akifanya hivyo, hata akikuapisha kwa msahafu usiseme, kiapo hicho hakikufungi, sema. Ni sentensi ya nusu dakika. Mimi niliiongeza kwa mara ya kwanza baada ya miaka 11 ya kufundisha.

Au chukua aya ya 58 ya Surat an-Nur, inayowataka hata wasiobaleghe wabishe hodi nyakati tatu: kabla ya alfajiri, adhuhuri watu wanapovua nguo zao, na baada ya Isha. Qur'an haikusubiri mtoto abaleghe ndipo ajue kwamba mwili una mipaka. Ongeza na hadithi ya kuwatenganisha watoto malazi wafikapo miaka 10. Kisha njoo katika nyumba zetu za kupanga za uswahilini, ambako mgeni kutoka kijijini akija mjini kutafuta kazi hulazwa chumba cha watoto kwa kuwa ni ndugu. Sisemi kila ndugu ni mbaya, hasha. Nasema hadithi tunaijua na godoro tunaliona.

Hawa wanaoogopa kwamba haya itaondoka niwakumbushe Ummu Sulaym (r.a.), aliyemwendea Mtume (s.a.w.) na kumuuliza kuhusu mwanamke anayeota ndoto, akitanguliza kwamba Allah haoni haya katika haki. Bibi Aisha (r.a.) aliwasifu wanawake wa Kianswari kwa sababu haya haikuwazuia kuijua dini yao. Haya ile ilijua kuuliza. Hii yetu ya kumfulia mtoto kaptula sijui tuiite jina gani.

Lakini hapa pana kosa jingine ambalo nimelifanya, na naona wenzangu wengi wanalifanya. Tukishakubali kufundisha, tunamfundisha anayeweza kudhuriwa peke yake: binti jisitiri, mtoto piga kelele, usipokee pipi. Mzigo wote tunambebesha mdogo. Surat an-Nur imeanza kwingine. Aya ya 30 inawaambia wanaume wa Kiislamu wainamishe macho yao na wazilinde tupu zao, kisha aya ya 31 ndiyo inawageukia wanawake. Ni mara ngapi umesikia khutba ya Ijumaa ikiishia aya ya 31 bila kupitia ya 30?

Darasani kwangu wavulana wa kidato cha tatu waliwahi kunitolea hoja nzito. Mmoja alisema, kwa kujiamini kabisa, kwamba msichana akinyamaza amekubali, kwani Mtume (s.a.w.) amesema kimya cha bikira ni ridhaa yake. Darasa likacheka. Nilifurahi kwamba amesema, maana angebaki nalo moyoni angeingia nalo barabarani. Nilimuuliza hadithi hiyo ni ya nini. Ni ya ndoa, mbele ya walii, binti anaulizwa wazi na anayo nafasi ya kukataa. Kisha nikawasimulia Khansa bint Khidam (r.a.), aliyeozwa na baba yake kwa mtu asiyemtaka, alikwenda kwa Mtume (s.a.w.), na ndoa ikavunjwa. Ikiwa kwenye ndoa yenye walii na mahari Mtume hakukubali kulazimishwa, wewe wa nyuma ya maabara umeipata wapi ridhaa?

Nikawapa pia kisa cha kijana aliyekwenda kwa Mtume (s.a.w.) kumuomba ruhusa ya kuzini. Masahaba walimkemea. Mtume akamsogeza karibu akamuuliza kama angependa afanyiwe hivyo mama yake, binti yake, dada yake, shangazi yake. Kila swali kijana akijibu hapana. Kisha akamwekea mkono na kumuombea dua. Hadithi imepokewa na Imamu Ahmad. Mimi nimejaribu njia hiyo mara nyingi na naiona ina kazi kuliko fimbo yangu ilivyowahi kuwa. Wavulana wale hawakucheka mara ya pili. Wapo waliobaki wakiangalia madawati, na sikuwauliza wanafikiria nini.

Kuhusu sheria ya nchi nitapita haraka. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 iliweka kwa kubaka kifungo kisichopungua miaka 30, na kumlawiti mtoto wa chini ya miaka 18 adhabu yake sasa ni kifungo cha maisha. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto kunyimwa haki zake azifikishe serikali ya mtaa. Sheria ya Ushahidi inairuhusu mahakama kumtia mtu hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake ikiridhika kuwa anasema kweli. Polisi lipo Dawati la Jinsia na Watoto, na ipo namba 116 ambayo mtoto anaweza kupiga bila malipo. Wazazi nawaomba mkumbuke: mtoto asiogeshwe, nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi, na afikishwe hospitali kabla ya saa 72 kupita, kwani dawa za kumkinga na virusi vya Ukimwi zikichelewa hapo hazifai tena.

Hayo yote hayasaidii kitu ikiwa mtoto atasema na wakubwa watakaa usiku baada ya Isha kulimaliza. Ndiyo maana nimefikia kuamini kwamba elimu hii ikianzia kwa watoto peke yao tutakuwa tumewatega. Tutawafundisha kusema, wataseme, na watakutana na mtu kama mimi wa mwaka 2013.

Mapema mwaka huu nilimtafuta yule mama. Bado anauza vitafunwa, mtaa ni uleule. Alinikaribisha chai, akaniita mwalimu, akaniuliza hali ya watoto wangu. Nilipolitaja jambo lenyewe alikaa kimya muda, kisha akasema: "Baba, wewe ndiye uliyekuwa ukiandika. Nilikuwa nakutazama wewe kwa sababu ulikuwa kijana na umesoma. Nikasema huyu atasema." Mwanawe sasa ni mtu mzima, anaendesha bodaboda, na mama anasema msikitini haingii. Nilimuomba amfikishie ujumbe kwamba akitaka kulifungua jambo hili, mimi nitasimama naye na kusema niliyoyasikia. Zilipita wiki tatu. Kisha akanipigia mwenyewe, hakuzungumza mengi, akauliza tukutane siku gani.

Tulikwenda pamoja. Shauri liko mikononi mwa wahusika na sitalisema zaidi ya hapo, ila nieleze moja kwa ajili ya wale wazee wangu ambao baadhi yao wananisoma hapa na wamenikasirikia. Afande aliyechukua maelezo yangu aliuliza kama upo ushahidi wowote wa maandishi kwamba kikao kile kilifanyika. Nikamwambia upo. Daftari lilikuwa bado kabatini pale madrasa, jalada lake limeliwa na mende lakini kurasa nzima. Nililiomba kwa katibu wa sasa mbele ya mwenyekiti, nikasaini kulichukua, nikalipeleka kwa mkono wangu.